Usizoee mashini inayocheza



Mwezi huu sikuleteeni mahubiri. Nataka kuwaandikia juu ya ekru moja ya bronzi, yenye kuingia ndani ya kiganja cha mkono, na juu ya kovu moja lenye kuwa usoni mwa mwipwa wangu. Wengi kati yenu muko na mashini nyumbani: mashini ya kushona, kinu cha mahindi, pikipiki, jenereta. Someni mpaka mwisho. Kovu lile liko juu ya uso wake, lakini lilitoka kwangu mimi mchungaji.

Niko na ateliye ndogo nyuma ya nyumba, hapa Likasi. Marehemu baba yangu alikuwa ajisteri katika ateliye kubwa za Panda, na mimi nilijua kushika tupa mbele ya kujua kusimama mimbarani. Nilipomaliza masomo ya Biblia nikapewa kanisa dogo, na sadaka ya kanisa dogo haisomeshi watoto watano. Basi mwaka wa 2012, mtu mmoja alipofunga ateliye yake na kuuzisha vyombo, nilikopa feza nikanunua frezezi.

Wale wasioijua, nitaeleza. Katika turu, chuma kinazunguka na kisu kinasimama. Frezezi ni kinyume: kisu njo kinazunguka, nacho kiko na meno mengi, tunakiita frezi. Chuma kinafungwa kwa etau juu ya meza yenye kutembea. Wewe unazungusha manivele kwa mkono. Manivele inazungusha visi ndefu iliyo chini ya meza. Visi inapita ndani ya ekru. Na meza inaenda kuume ao kushoto.

Visi ni ya chuma kigumu. Ekru ni ya bronzi, laini kuliko visi. Wenye kuitengeneza walifanya hivyo kwa akili. Vitu viwili vinaposuguana kila siku, kimoja kitaisha. Afazali kiishe kile kidogo cha bei rahisi, kile kirefu cha bei kali kibaki. Ekru iliwekwa pale ili iliwe. Haina aibu ikiisha. Aibu ni ya mwenye mashini anayeona imeisha na kunyamaza.

MAZOEA

Mashini yetu ilianza kucheza. Unazungusha manivele kuume, meza inatembea. Ukirudisha kushoto, mkono unazunguka bure kwanza, kiisha meza inashtuka ndipo inatembea. Kucheza kidogo ni kawaida ya mashini ya mkono. Sehemu moja ya kumi ya milimetri haimtishi fundi. Lakini mwezi wa 11 wa mwaka 2020 nilipima yetu. Visi yake inasogeza meza milimetri 5 kila mzunguko, na ringi ya manivele iko na mistari 100, maana yake kila mstari ni sehemu 5 za mia za milimetri. Nilihesabu mistari 28 ya bure. Hiyo ni milimetri 1.4. Na jino la visi ya namna ile, katikati ya kimo chake, liko na unene wa milimetri 2 na nusu tu. Hesabu wewe mwenyewe ni kiasi gani kilikuwa kimeliwa.

Nilifanya nini? Nilifanya kama watu wengi. Nilijifunza kuishi nayo. Niliwaambia vijana wa ateliye: "Mukipita kipimo, murudishe nyuma sana, kiisha mukuje tena pole pole upande uleule. Njo vile hii mashini inafanyaka."

Shauri lile si uongo. Mafundi wote wanalitumia, na kipimo kinatoka sawasawa. Lakini linaponya kipimo tu, haliponyi hatari. Na mimi nililitumia kama mtu anayemeza dawa ya kutuliza maumivu ili asiende kwa munganga. Feza ya ekru ilifika mkononi mwangu mara mbili. Mara ya kwanza ikaenda masomoni. Mara ya pili ikaenda kwa mabati ya kanisa. Yote mawili yalikuwa mambo mazuri, na sikuona vigumu kujisamehe. Miezi 8 ikapita hivyo.

SIKU YA POSHO

Mwezi wa 7 wa mwaka 2021, mama mmoja mjane wa kanisa letu alituletea mti wa chuma wa kinu chake cha mahindi. Mfereji wa klaveti ulikuwa umepanuka, puli inazunguka peke yake na mti unabaki. Kinu kile njo kilikuwa kinalisha watoto wake wanne. Niliahidi kwamba siku ya posho jioni atauchukua.

Siku ya posho asubuhi nikaitwa mazishini, mbali kidogo na muji. Nikamwachia kazi mwipwa wangu, mtoto wa dada yangu. Alikuwa na miaka 17, na alikuwa amejifunza kwetu miaka miwili. Kijana mwenye mkono mzuri.

Alitumia frezi ndogo ya milimetri 8, na mfereji ulipaswa kufika milimetri 10. Upande wa kwanza ulikwenda vema. Kwa upande wa pili alirudisha meza kwanza mpaka mwanzo, kiisha akakata tena akienda upande uleule. Vijana wa mashini, sikieni vizuri hapa. Meza ikitembea kinyume cha meno ya frezi, meno yanasukuma chuma nyuma, visi inaegemea ekru, na kazi inaenda kwa utulivu. Lakini meza ikitembea upande mmoja na meno, frezi inavuta chuma kwake. Kama visi na ekru zimeshikana, haina neno. Kama kati yao kuna nafasi, frezi inaivuta meza nafasi hiyo yote kwa mara moja.

Nafasi yetu ilikuwa milimetri 1.4. Frezi ndogo ya namna ile kila jino linakula sehemu chache za mia za milimetri. Ikapewa milimetri nzima na zaidi kwa kufumba jicho. Ikavunjika. Kipande kikaruka, kikampasua kijana juu ya jicho la kushoto, upana wa kidole kimoja tu toka kwenye jicho lenyewe. Miwani ya kinga ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ukutani, mahali nilipozoea kuiacha mimi mwenyewe.

Nilifika kituo cha afya jioni, viatu vikiwa bado na udongo wa makaburi. Walikuwa wamemshona nyuzi 5. Nilifikiri nitamkuta amekasirika, ao analia. Akaniambia:

"Mujomba, unisamehe, nilivunja frezi. Lakini nilifanya vile unatufundishaka. Nilipita, nikarudisha nyuma, nikakuja tena."

Dada yangu alikuwa amekaa kando ya kitanda. Akaniuliza bila kupandisha sauti:

"Yaya, ulijua ile mashini iko mugonjwa?"

"Nilijua."

"Tangu siku gani?"

"Tangu mwezi wa kumi na moja."

Hakujibu. Alichukua kitambaa akaendelea kupangusa damu kwenye shingo ya mtoto wake. Ndugu msomaji, asubuhi ile nilikuwa nimefariji familia nzima mbele ya kaburi, lakini jioni neno moja la kumwambia dada yangu nililikosa.

KUFUNGUA

Siku ya kwanza ya juma nilipeleka mti wa yule mama kwa ateliye ya jirani, nikalipa mimi. Kiisha nikafunga mlango kwa wateja, nikaifungua mashini. Nilichomoa kabisa waya ya umeme, si kuzima tu. Kwetu munajua: umeme ukiondoka, haupigi hodi ukirudi. Meza tuliitelemsha watu wanne juu ya ubao, maana meza ya fonti ikikuponyoka inachukua vidole.

Jambo la kwanza nililojifunza: usikimbilie sokoni kununua. Pima kwanza. Mchezo wa meza hautoki mahali pamoja.

Mahali pa kwanza ni kichwa cha visi, pale inaposhikwa na rulema isitoke nje. Unashika manivele, unavuta na kusukuma bila kuizungusha. Yetu ilienda na kurudi sehemu 3 za kumi za milimetri. Ilikuwa ni kukaza tu. Dakika 10, bila kulipa hata franga moja. Miezi 8 sikuwa nimegusa pale!

Mahali pa pili ni ekru yenyewe. Tulipoitoa, meno yake yalikuwa yamekonda kama ncha ya kisu. Hapo njo palikuwa na mchezo mkubwa, sehemu 9 za kumi.

Mahali pa tatu ni visi. Visi hailiki sawasawa. Inaliwa katikati, kwa sababu etau inakaa siku zote katikati ya meza na kazi yote inafanyika pale. Kwenye miisho meno yalikuwa manene. Katikati yalikuwa yamepungua sehemu 2 za kumi. Wengi wanakosea hapo. Wanakaza ekru mpaka katikati isicheze, kiisha meza ikienda mwisho inakwama, na mtu anaivuta kwa nguvu mpaka kitu kinavunjika. Ekru mpya inakatwa kwa kipimo cha miisho iliyo mizima, na ule mchezo kidogo wa katikati unauvumilia mpaka siku ya kupata visi mpya.

Rafiki mmoja alinishauri nibadilishe na rulema za kichwa zinazoshika frezi. Nilizipima kwa komparateri, ile saa ndogo yenye kuonyesha sehemu za mia: hazikufika sehemu 3 za mia. Nilikuwa nimeziacha zizunguke nusu saa, kichwa kikapata vuguvugu tu, hakikuchoma mkono. Nikaziacha. Kipande kizima usikitoe kwa hasira.

Halafu kulikuwa lardoni. Ni kipande chembamba cha chuma, kimepunguzwa upande mmoja kama kabari, kinakaa kati ya meza na reli yake ili meza isitikisike. Kikiisha, visi yake inakisukuma ndani kidogo. Chetu kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho. Nyuma yake tuliweka karatasi ya shaba ya njano yenye unene wa sehemu 2 za kumi. Kiisha tukakwangua. Unapaka rangi ya buluu, nyembamba sana, unasukuma meza, unatazama mahali rangi imehamia. Pale ndipo palipoinuka, na pale tu unakwangua, kidogo. Unapaka tena. Tulifanya hivyo siku tatu. Usitumie musasa juu ya reli za mashini, hata kama unaharakisha. Chembe zake zinaingia ndani ya fonti, zinabaki mule, na zinaendelea kuikula siku zote baada ya wewe kusahau.

BRONZI YA USIKU

Ekru ilihitaji bronzi. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati. Kwa ekru ya namna hii, sehemu 88 za shaba na 12 za bati ni mchanganyiko mzuri. Shaba tunaikanyaga hapa kwa miguu. Bati imechimbwa Manono tangu wakati wa Wabelgiji. Na mimi, mwenyeji wa inchi yenye vyote viwili, nilizunguka juma nzima nikitafuta kipande cha kilo tatu.

Usiku mmoja kijana aligonga mlango. Alibeba kiloba, na ndani kipande kizuri sana cha bage ya bronzi, kilichotoka katika mashini ya kuvunja mawe. Alitaka nusu ya bei.

"Papa Pasta, iko bei muzuri. Usiulize mingi."

Sitawadanganya: nilikipima kwa mkono. Kilitosha kabisa. Lakini mashini iliyotolewa kile kipande itasimama asubuhi, ao mbaya zaidi, haitasimama, itaendelea kuzunguka bila kitu cha kuishika, na mtoto wa mtu mwingine atakuwa amesimama kando yake. Nitakuwa sikuponya jeraha, nimelihamisha tu. Nikamwambia arudishe alikotoa. Aliondoka akinicheka. Siku 6 baadaye nilipata bage ya zamani Lubumbashi, kwa dola 60, pamoja na risiti.

Mzee mmoja turneri, aliyefanya kazi miaka mingi migodini na sasa yuko kwa pensheni, njo alikata uzi wa ekru. Hakukubali kuanza mpaka alipoletewa visi mkononi. Visi yetu imesokotwa kushoto, na meno yake yako na pembe ya digri 30. Mtu akikata kwa kukisia anaharibu bronzi yote. Alikata kidogo, akajaribu kwa visi yenyewe, akakata tena. Ilimchukua siku mbili. Akaniambia:

"Mwana wangu, kwetu kila mashini ilikuwa na kaye yake. Siku ya mafuta tunaandika. Siku ya kubadilisha kipande tunaandika. Siku makaye ilikosa, tulianza kufanya kazi kwa mazoea. Kutoka pale njo mambo iliharibika."

Neno lake lilinifanya nikumbuke yale sisi wa umri wangu tuliyoona tukiwa watoto. Katikati ya miaka ya 1980, mkoa wetu, ambao wakati ule uliitwa Shaba, ulitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka wa 1994 haikufika hata 50,000. Sababu zilikuwa nyingi: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwezi wa 9 wa 1990, kulikuwa uporaji wa mwaka wa 1991, feza ilikosekana. Lakini moja ilikuwa hii: mashini zilizeeka, na vipande vya kubadilisha havikuja. Watu walijifunza kuishi nazo hivyohivyo. Baba zetu walizungumza habari hizo jioni, na mimi nilidhani ni makosa ya wakubwa tu.

LEO

Tulipoifunga mashini, nilihesabu mistari. Kwenye miisho ya visi ni 2. Katikati ni 6. Toka 28.

Vijana wa ateliye yetu wanashika sasa mambo haya, nanyi munaweza kuyapima kwa mashini yoyote ya nyumbani:

1. Kila mwanzo wa mwezi tunahesabu mistari ya bure, tunaandika ndani ya kaye pamoja na tarehe. Kitu kinachoandikwa hakizoeleki upesi.

2. Mbele ya kutia mafuta tunapangusa vumbi. Wakati wa kiangazi, vumbi la barabara za magari ya minerai liko na chembe za mchanga ngumu kuliko fonti. Ukimwaga mafuta juu yake unatengeneza musasa. Kila jioni tunafunika meza kwa kitambaa.

3. Hatutii mafuta machafu yaliyotolewa katika moteri za magari. Ni ya bure, lakini yamebeba unga wa chuma na masizi.

4. Meza inatembea kinyume cha meno ya frezi. Hata leo, na ekru mpya.

5. Miwani inakaa usoni. Ule msumari niliung'oa.

6. Ukimfundisha kijana namna ya kuvumilia kipande kilichoisha, mwambie saa ileile siku utakayokibadilisha. Ukikosa kutaja siku, umemfundisha kwamba ubovu ndio sheria ya mashini.

Ndugu wazazi, hili la mwisho ndilo lililoniuma kupita yote. Mwipwa wangu hakuvunja sheria yangu ya kurudisha nyuma. Aliitii. Nilichomficha ni sababu yake. Niliona ubovu, nikaugeuza kuwa desturi, nikampa mtoto desturi bila kumpa ubovu wenyewe autazame.

Yeye angali anafanya kazi kwetu. Yeye njo anashika kaye. Kwenye karasa ya kwanza aliandika tarehe ya siku ile ya posho, na kando yake namba 28, bila neno lingine. Ekru ya zamani ameitundika ukutani, na kila kijana mpya anaingiza kidole chake ndani yake kwanza, apapase meno yale yaliyokonda.

Dada yangu alikawia kuja ateliye. Miezi mitatu hakukanyaga. Siku alipokuja, nilimwita karibu, nikazungusha manivele mbele yake, kuume na kushoto.

"Sasa iko muzima?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Nilimwambia: "Hapana yote. Ekru ni mpya, lakini visi imeisha kidogo katikati. Ninatafuta feza yake. Imeandikwa ndani ya kaye, na mtoto wako anajua."

Alitazama kaye. Alitazama mwanawe, aliyekuwa amevaa miwani yake. "Vizuri, Yaya," akasema. "Hata ikikaa mugonjwa, isikuwe tena ya siri."

Wapendwa wasomaji, leo mangaribi, mbele ya kufunga kazi, zungusheni manivele zenu. Hesabuni. Kiisha mwite mtoto anayetumia mashini ile, umwambie namba uliyoipata.

Ni mimi mchungaji wenu, Likasi.